Hermann Ebbinghaus: Mtu Aliyepima Kusahau

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, hakuna neno linalouma darasani kama kuambiwa una kichwa kizito. Unadurusu jioni, ikifika asubuhi yote yamepeperuka! Nawajua wenzetu waliokata tamaa kabisa kwa sababu hiyo. Ndipo nikaonelea niwasimulie habari za Hermann Ebbinghaus, bingwa wa saikolojia, yaani elimu ya akili na nafsi.

Ebbinghaus alizaliwa tarehe 24 Januari 1850 mjini Barmen, Ujerumani. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Bonn. Mwaka wa 1870 vita vilizuka baina ya Prussia na Ufaransa, akaacha vitabu akaenda jeshini. Aliporudi alimaliza masomo, akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1873. Baadaye alifundisha Uingereza na Ufaransa.

Siku hizo Wilhelm Wundt, mkubwa wa wanasaikolojia, alishikilia kwamba kumbukumbu haiwezi kupimwa kwa majaribio. Ebbinghaus hakukubali. Hakuwa na maabara, basi akajipima mwenyewe! Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana yoyote, maana aliona kwamba shairi au hadithi hushikika upesi, na hilo lingeharibu kipimo. Alizikariri orodha kwa mwendo mmoja mpaka akaweza kuzitaja bila kukosea. Kisha alingoja, akajifunza tena orodha ileile na kuhesabu ni kiasi gani cha kazi alichookoa safari ya pili. Alifanya hivyo mwaka wa 1879 hadi 1880, akarudia tena 1883 hadi 1884. Kazi ya kuchosha, lakini hakuiacha.

Mwaka wa 1885 alichapisha kitabu chake. Kumbe hata yeye bingwa alisahau! Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, karibu theluthi mbili. Baada ya hapo kusahau kulipunguza kasi, hata mwezi ulipokwisha alikuwa bado amebaki na kama moja kwa tano. Mwaka wa 2015 wataalamu walilirudia jaribio hilo na kupata matokeo yanayofanana na yake.

Tena aligundua jambo linalotuhusu sana sisi watahiniwa. Kurudia orodha mara 38 kwa kugawanya siku tatu kulimfaa sawa na kuirudia mara 68 kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba, ndugu zangu!

Mwaka wa 1894 alihamia Breslau, mji ambao sasa uko Poland na huitwa Wrocław. Huko alitunga mtihani wa kuwapima watoto wa shule kwa kuwapa maandishi yenye nafasi wazi wazijaze, akautangaza mwaka wa 1897. Kwa hiyo ukikutana na zoezi la kujaza mapengo, mkumbuke mzee huyu.

Alifariki mjini Halle tarehe 26 Februari 1909 kwa ugonjwa wa nimonia, akiwa na umri wa miaka 59.

Mimi nimejifunza kwamba kusahau si ujinga, ni maumbile ya binadamu. Sisi wa shule ya kutwa, wenye koroboi moja na kazi za nyumbani tele, hatuhitaji kukesha. Tudurusu kidogo leo, kidogo kesho, na kidogo kesho kutwa. Na anayesahau tusimcheke, tumsomee tena.