Fanny Workman: Mwanamke ambaye hakubebwa kwenye karia

Simama pale Khayega asubuhi ya mwezi wa Julai, kando ya barabara kuu ya kutoka Kisumu kwenda Kakamega. Baridi imekubana na mikono umeificha mfukoni. Nduthi zinapita mbio, lakini ukingoja kidogo utaona pia mzee na Black Mamba yake, gunia limefungwa nyuma kwa mpira. Mara nyingine aliyeketi nyuma si gunia, ni mkewe. Bwana anakanyaga, bibi amekaa karia, safari ya sokoni.

Sasa jiulize: umewahi kuona mume na mke, kila mmoja na baiskeli yake, wakisafiri pamoja wiki nzima? Mwezi? Miaka miwili? Kama hujawahi, kaa hapo nikupe stori ya Fanny Bullock Workman, mwanamke aliyefariki miaka mia moja iliyopita na ambaye angekushinda baiskeli hata leo.

Fanny alizaliwa tarehe 8 Januari 1859 katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Kwao hawakulala njaa. Babake, Alexander Bullock, alikuwa gavana wa jimbo hilo. Mwaka 1882 aliolewa na daktari, William Hunter Workman, aliyemzidi umri kwa miaka 12. William ndiye aliyemzoesha kupanda milima, na Fanny hakuangalia nyuma tena.

Mwaka 1889 afya ya William ilizorota, akaacha kazi ya udaktari wakahamia Ujerumani. Usidhani alienda kulala kitandani. Wakati huo baiskeli ya magurudumu mawili yanayolingana, kama unayoijua wewe, ilikuwa bado ni kitu kipya mjini, na watu wengi walibishana iwapo mwanamke ana haja gani nayo. Fanny alinunua yake, mumewe yake. Wakazunguka Uswisi, Ufaransa na Italia.

Halafu msiba ukabisha. Mwaka 1893 mtoto wao wa kiume, Siegfried, alikufa kwa mafua makali na nimonia akiwa bado mdogo kabisa. Baada ya hapo safari zao zikawa ndefu zaidi. Walivuka milima ya Atlas nchini Algeria hadi ukingoni mwa Sahara, Fanny akiwa na bastola, na mjeledi wa kufukuzia mbwa waliokimbiza baiskeli. Kisha wakaingia Uhispania wakakanyaga takriban kilomita 4,500. Kwa siku walikuwa wakienda kati ya kilomita 70 na 130. Hiyo ni kama kutoka Kakamega hadi Kisumu na kurudi, halafu kesho unaamka tena. Na Fanny alifanya hayo yote akiwa amevaa sketi ndefu.

Mwishoni mwa 1897 wakashika njia ya Asia. Walianzia ncha ya kusini ya India wakielekea kaskazini, hadi chini ya Himalaya. Huko tambarare za India majira ya baridi ndiyo majira ya msafiri: jua halichomi, barabara zimekauka, ingawa usiku unaweza kutetemeka. Joto lilipozidi mwaka 1898, waliziacha baiskeli wakapanda milimani kutafuta ubaridi. Ukijumlisha njia yote waliyopita kwa baiskeli upande huo wa dunia, unapata karibu kilomita 22,500. Ni zaidi ya mara 40 ya safari ya Nairobi hadi Mombasa.

Mizigo yao? Chai, sukari, biskuti, nyama ya mkebe, maji, blanketi, dawa na vifaa vya kuziba pancha. Hivyo vya pancha ndivyo vilivyofanya kazi, maana kuna siku walipata pancha 40. Wewe ukipata moja tu pale Khayega, unaanza kumpigia mtu simu.

Lakini kilichonivutia mimi si kilomita. Ni jinsi wawili hawa walivyogawana kazi. Walipogeukia milima, mwaka mmoja Fanny aliongoza msafara, akapanga wapagazi, chakula na njia, huku William akishughulikia vipimo na picha. Safari iliyofuata walibadilishana. Vitabu walivitia majina yao wote wawili. Mwaka 1906, akiwa na miaka 47, Fanny alifika juu ya Pinnacle Peak huko Himalaya, mita 6,930, zaidi ya mita 1,000 juu ya kilele cha Kilimanjaro. Hakuna mwanamke aliyeivunja rekodi hiyo hadi 1934. Na mwaka 1912, juu ya barafu ya Siachen, alipigwa picha akishika gazeti lililodai wanawake wapewe kura. Huko kwao walikuja kuipata nchi nzima mwaka 1920, naye akiwa hai.

Usimfanye malaika, hata hivyo. Wenyeji waliombebea mizigo aliwadharau, na vitabu vyake vimejaa malalamiko juu yao. Si ajabu kwamba wapagazi waliwatoroka. Mwenzake Annie Peck alipodai kuwa amepanda juu zaidi nchini Peru, Fanny alitoa dola 13,000 ili mlima ule upimwe, mradi tu amshinde. Na binti yake, Rachel, alilelewa zaidi na yaya na shule za bweni kuliko na mama. Rachel alikua akawa mwanajiolojia wa kutajika, lakini miaka ile ya utotoni hairudishwi na cheo.

Fanny alifariki tarehe 22 Januari 1925 huko Cannes, Ufaransa, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Katika wosia wake aliacha dola 125,000 kwa vyuo vinne vya wanawake. William aliishi hadi 1937, na leo wamelala pamoja huko Worcester.

Utasema walikuwa na pesa. Kweli, walikuwa nazo. Lakini pesa haikanyagi pedali, wala haimwambii mume kwamba mwaka huu zamu ya kuongoza ni ya mke. Hilo waliliamua wenyewe.

Basi Jumamosi hii, badala ya kumwambia mpenzi wako apande nyuma, tafuteni baiskeli mbili. Kateni kona pale Khayega, mshike njia ya Shinyalu kuelekea msituni. Bebeni sweta, maji, gundi na viraka. Kwenda, wewe tangulia. Kurudi, mwache yeye aongoze.