Robert Bosch: Fundi aliyeyapa malori 'moyo' wa dizeli, na kwa nini moyo huo hufa kabla ya siku zake

Lori la mzigo likianza kuishiwa pumzi kwenye mlima wa Kitonga, fundi wa kwanza atakayefika pale ataitaja pampu. Likisumbua kuwaka injini ikiwa ya moto, atasema pampu. Likitoa moshi kama tanuri la mkaa, ataitaja tena pampu au nozo.

Mafundi wengi huiita moyo wa injini ya dizeli. Hawakosei. Ila wachache wanaomfahamu aliyeiweka sokoni kwa wingi. Ni Mjerumani aliyeitwa Robert Bosch, na jina lake bado limeandikwa kwenye pampu nyingi zinazopita barabarani kwetu kila siku.

Mtoto wa 11

Bosch alizaliwa Septemba 23, 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Kwao walikuwa watoto 12, yeye akiwa wa 11. Baba yake alikuwa mkulima na mwenye nyumba ya wageni.

Akapelekwa kujifunza ufundi wa vyombo vidogo vinavyohitaji vipimo sahihi. Mafunzo hayo hayakumridhisha, maana bwana wake hakujisumbua sana kumfundisha. Jambo hilo hakulisahau. Alipokuja kuwa tajiri, aliweka mkazo mkubwa kwenye kufundisha vijana kazi.

Baadaye akatafuta ujuzi nje. Mwaka 1884 alivuka bahari hadi Marekani, akafanya kazi kwenye karakana za Thomas Edison. Kisha akapita Uingereza kabla ya kurudi nyumbani.

Novemba 1886, akiwa na miaka 25, alifungua karakana yake mjini Stuttgart kwa fedha za urithi. Alikuwa na fundi mmoja na kijana mmoja wa kutumwa. Basi.

Utajiri wa cheche

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kubangaiza. Alitengeneza simu, kengele za umeme, chochote mteja alichotaka. Kilichomtoa ni magneto, kifaa kinachozalisha cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini. Alitengeneza ya kwanza mwaka 1887, na 1897 ikafungwa kwenye chombo cha magurudumu matatu.

Mwaka 1902, mhandisi wake Gottlob Honold alikamilisha magneto ya umeme mkubwa pamoja na plagi yake. Hapo mambo yakabadilika. Magari ya Ulaya na Marekani yakawa yanamtafuta Bosch.

Kwa wafanyakazi hakuwa bosi wa kawaida. Mwaka 1906, wakati viwanda vingi vilikuwa vinawakamua watu kutwa nzima, yeye alianzisha zamu ya saa 8. Aliamini mtu aliyechoka hafanyi kazi nzuri.

Adui asiyehitaji plagi

Kisha ikaja habari mbaya kwa biashara yake. Injini ya Rudolf Diesel, iliyokuwa ya viwandani na melini, ilianza kusogelea malori. Injini hiyo haina plagi wala magneto. Hubana hewa mpaka inakuwa ya moto sana, dizeli ikipulizwa ndani inawaka yenyewe.

Maana yake ni moja: ikishinda dizeli, utajiri wa cheche umekwisha kwenye malori.

Bosch angeweza kuipiga vita. Alifanya kinyume. Mwaka 1922 aliamua kampuni yake itengeneze mfumo wa kupuliza dizeli, yaani kile kile kilichokuwa kinatishia bidhaa yake.

Alijua tatizo liko wapi. Injini za mwanzo za dizeli zilipuliza mafuta kwa hewa iliyobanwa na kompresa kubwa. Ukiweka mtambo huo kwenye lori, nafasi na uzito vinakuwa balaa. Ilitakiwa pampu ndogo yenye kusukuma tone dogo la dizeli, kwa nguvu kubwa, kwa wakati wake, bila kukosea.

Iliwachukua miaka kadhaa ya kujaribu na kutupa. Mwaka 1927 pampu ikaanza kutengenezwa kwa wingi kwa ajili ya malori. Kufikia 1934, pampu 100,000 zilikuwa zimetoka kiwandani. Mwaka 1936 ikaingia hata kwenye gari dogo, Mercedes-Benz 260 D.

Kwa nini ilikuwa ngumu

Ndani ya pampu kuna vijipistoni vya chuma vinavyopanda na kushuka ndani ya vijisilinda vyake. Hakuna ringi wala mpira wa kuzuia dizeli isivuje kati yao. Kinachozuia ni ubanaji tu. Nafasi kati ya chuma na chuma ni kama sehemu 2 hadi 3 za 1,000 za milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene mara nyingi zaidi ya hapo.

Sasa piga hesabu. Injini ya lori ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila kijipistoni kinapiga mara 1,000. Kwa saa moja ni mara 60,000. Na kinacholainisha vyuma hivyo ni dizeli yenyewe.

Hapo ndipo siri ya umri wa pampu ilipo. Pampu ya zamani ya lori, ikinyweshwa dizeli safi, hutembea mamia ya maelfu ya kilomita. Ikinyweshwa uchafu, inaweza kufa mapema sana.

Wauaji wa pampu

Maji ndiyo muuaji wa kimyakimya. Hayalainishi, na lori likilala siku kadhaa yanaleta kutu kwenye chuma ambacho hakitakiwi hata mkwaruzo.

Vumbi nalo ni msasa. Filta ya bei ya kutupa, au iliyopitiliza muda wake, inaliruhusu kupita. Ubanaji ukishaliwa, dizeli inavuja ndani kwa ndani. Injini ikipata moto dizeli inakuwa nyepesi na kuvuja zaidi, ndiyo maana lori linawaka vizuri asubuhi halafu linagoma mchana.

Wa tatu tunamjua wote: mafuta ya taa. Yakichanganywa kwenye dizeli yanapunguza ulainishaji, chuma kinasagana na chuma. Uchakachuaji huo uliwahi kuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2018 zilipandisha tozo za mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe.

Kuna pia kuendesha hadi tenki linakauka, pampu inavuta hewa na takataka za chini. Na kuna kusahau oili: pampu nyingi za zamani zina shafti inayolainishwa na oili, si dizeli. Oili ikichoka, shafti inaliwa.

Mwisho ni gereji. Pampu ikifunguliwa juu ya benchi lenye mchanga, kisha ikafungwa bila kupimwa kwenye mashine ya pampu, hiyo haijatengenezwa. Imeahirishiwa kifo.

Malori mapya yana mfumo wenye presha inayozidi baa 2,000. Hayo hayasamehi kabisa. Pampu ikisagika, vipande vya chuma husambaa hadi kwenye nozo, na bili yake inaweza kumfilisi mwenye lori moja.

Mwisho wa safari yake

Maisha ya Bosch hayakuwa mteremko. Mwanaye wa kiume, aliyetarajiwa kumrithi, alifariki mwaka 1921 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Wakati wa utawala wa Hitler, yeye na wasaidizi wake waliwasaidia Wayahudi na kumpa hifadhi ya kazi Carl Goerdeler, mmoja wa wapinzani wa utawala huo. Lakini viwanda vyake vilevile vilitengeneza vifaa vya vita, na maelfu ya watu walitumikishwa humo kwa nguvu. Historia inabeba yote mawili.

Alifariki Stuttgart Machi 12, 1942, akiwa na miaka 80. Aliacha maelekezo kwamba faida ya kampuni isaidie jamii, na mwaka 1964 sehemu kubwa ya hisa ikahamia kwenye taasisi ya hisani yenye jina lake.

Aliwahi pia kuandika kuwa ni bora apoteze pesa kuliko apoteze uaminifu wa wateja. Pampu yake inadai msimamo huo huo kwa dereva na tajiri wa lori. Toa maji kwenye filta, badilisha filta kwa wakati, na usinunue dizeli ya kwenye madumu porini. Ule unafuu wa shilingi chache kwa lita, pampu itaudai na riba juu.