Fred Hollows: Daktari aliyepigania macho ya maskini

KATIKA miaka ya 1980, mgonjwa wa mtoto wa jicho aliyeishi katika nchi tajiri alifanyiwa upasuaji, akawekewa lenzi ndogo ya plastiki ndani ya jicho na kurejea katika shughuli zake. Mwenzake wa nchi maskini, kama alibahatika kumpata daktari, aliondolewa lenzi iliyoingia ukungu na kupewa miwani minene. Miwani hiyo ilipovunjika au kupotea, giza lilirudi.

Kilichowatenganisha wagonjwa hao wawili ni bei. Lenzi moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 100 za Marekani, kiasi ambacho mkulima wa Nepal au Eritrea hakuweza kukimudu. Profesa Fred Hollows, daktari bingwa wa macho aliyefariki dunia mwaka 1993, alikataa kuamini kwamba jambo hilo halina tiba.

Hollows alizaliwa Aprili 9, 1929 mjini Dunedin, New Zealand, akiwa mtoto wa dereva wa treni. Familia yake ilikuwa ya washika dini, naye alianza masomo akikusudia kuwa mchungaji. Baadaye aliiacha njia hiyo, akasomea udaktari na kwenda Uingereza kubobea katika tiba ya macho. Mwaka 1965 alihamia Sydney, Australia, alikofundisha chuo kikuu na kuongoza idara ya macho ya Hospitali ya Prince of Wales.

Mwaka 1968 alisafiri hadi kaskazini mwa nchi hiyo kuwaona Wagurindji, jamii ya Waaborijini waliokuwa wameacha kazi katika shamba la ng'ombe la Wave Hill mwaka 1966 wakidai ujira wa haki na ardhi yao. Huko alikuta trakoma, ugonjwa wa vikope unaoenezwa na nzi na mikono michafu pale maji yanapokuwa haba. Mtu anapoambukizwa mara kwa mara, kope hujikunja kwa ndani na kukwaruza jicho hadi likapofuka. Miongoni mwa Waaustralia weupe ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kusahaulika.

Mwaka 1971 alishiriki kuanzisha kituo cha tiba cha Waaborijini katika kitongoji cha Redfern, Sydney. Kati ya mwaka 1976 na 1978 aliongoza mpango wa kitaifa wa kupambana na trakoma, ambao wataalamu wake walizunguka vijijini na jangwani, wakapima macho ya watu wapatao 100,000, zaidi ya nusu yao wakiwa Waaborijini.

Hakuwa mtu wa maneno laini. Ulimi wake mkali ulimpatia marafiki na maadui serikalini. Mwaka 1985 aliikataa nishani ya taifa, akipinga namna serikali ilivyoipuuza afya ya Waaborijini.

Mwaka huohuo alikwenda Nepal kama mshauri wa Shirika la Afya Duniani, akakutana na daktari kijana Sanduk Ruit, ambaye baadaye alikwenda Sydney kujiendeleza chini yake. Mwaka 1987 Hollows aliingia Eritrea, iliyokuwa vitani ikipigania uhuru kutoka Ethiopia. Aliwakuta madaktari wa wapiganaji wakitibu watu katika mahandaki, wakitengeneza hata baadhi ya dawa kwa mikono yao. Alichokiona kilimthibitishia kwamba watu hao wangeweza kutengeneza lenzi pia.

Tangu hapo msimamo wake ulikuwa mmoja. Fedha za wahisani zisiishie kuwasafirisha madaktari wa kigeni wanaopasua kwa wiki mbili na kuondoka. Zijenge viwanda vya lenzi na kuwafunza madaktari wenyeji, ili kazi iendelee mgeni akishaondoka.

Mwaka 1989 aligundulika kuwa na saratani ya figo. Ugonjwa haukumzuia. Mwaka 1992 alitoka kitandani hospitalini, akaruka hadi Vietnam, na huko akaahidi kwamba mamia ya madaktari wangefunzwa upasuaji wa kisasa. Mwaka huo yeye, mkewe Gabi na marafiki zao walianzisha Mfuko wa Fred Hollows, na wananchi wa Australia wakaitikia wito wa kuchangia.

Alifariki dunia Februari 10, 1993, akiwa na umri wa miaka 63, kabla ya kuviona viwanda alivyovipigania. Serikali ilimwandalia mazishi ya kitaifa. Alizikwa Bourke, mji mdogo wa bara alikokuwa akitibu wagonjwa.

Mwaka 1994 viwanda vya lenzi vilifunguliwa Asmara, Eritrea, na Kathmandu, Nepal, ambako Dk. Ruit aliiendeleza kazi hiyo. Bei ya lenzi ilishuka hadi chini ya dola 10. Kwa miaka mingi mfuko huo umewaeleza wachangiaji kwamba katika baadhi ya nchi, dola 25 za Australia zinaweza kutosha kumrejeshea mtu uwezo wa kuona.

Kazi yake imefika pia Afrika Mashariki, zikiwamo Kenya, Rwanda na Burundi, ambako mtoto wa jicho bado unawapofusha watu wanaoweza kutibiwa kwa upasuaji wa dakika chache.