Johann Sebastian Bach na Nyimbo Zake Zilizosahauliwa

Wahenga walisema kwamba kitu kizuri hujiuza chenyewe. Lakini tukiyatazama maisha ya Johann Sebastian Bach, yule mtunga nyimbo mkuu wa Kanisa la Kilutheri, twaona ya kuwa chema chaweza kulala kabatini miaka mia, wala asitokee mtu wa kukiulizia. Jina lake lajulikana duniani pote. Lakini kazi iliyomchosha kuliko nyingi, yaani nyimbo za ibada ya Jumapili ziitwazo kantata, ni wachache waijuao.

Bach alizaliwa tarehe 21 Machi 1685 katika mji wa Eisenach, nchi ya Ujerumani, chini ya ile ngome ya Wartburg ambamo Dakta Martin Luther alilitafsiri Agano Jipya. Mama yake alikufa mwaka 1694, na baba yake mwaka uliofuata, hata akawa yatima kabla hajatimiza miaka 10. Ndugu yake mkubwa akamchukua mjini Ohrdruf, akamlea na kumfundisha kinanda. Mwaka 1705, alipokuwa kijana wa miaka 20, alikwenda kwa miguu kutoka Arnstadt mpaka Lübeck, mwendo wa kilomita kama 400, ili apate kumsikia mzee Dietrich Buxtehude akipiga kinanda cha kanisa.

Baada ya kutumika Mühlhausen, Weimar na Köthen, aliitwa Leipzig mwaka 1723 awe mwalimu wa kuimba katika shule ya Mtakatifu Thomas. Wazee wa baraza la mji hawakumtaka yeye kwanza. Waliwataka Telemann na Graupner, na hao walipokosekana ndipo walipomchukua Bach. Akakaa pale miaka 27, mpaka kufa kwake.

Kazi yake haikuwa nyepesi. Kila Jumapili na kila sikukuu, isipokuwa nyingi za Adventi na Kwaresima, ilipasa kantata iimbwe karibu na mahubiri, ikilifafanua neno la Injili ya siku ile. Katika miaka yake ya kwanza Leipzig alitunga mpya karibu kila juma. Wanafunzi na watu wa nyumbani mwake walinakili karatasi za waimbaji, nao wavulana wa shule wakaziimba. Jumapili ikiisha, karatasi zikawekwa, naye akaanza nyingine. Mara nyingi mwishoni mwa kazi aliandika herufi tatu, S.D.G., maana yake utukufu ni wa Mungu peke yake.

Alifariki tarehe 28 Julai 1750. Karatasi zake zikagawanywa. Mwanawe Carl Philipp Emanuel alilitunza fungu lake vizuri. Lakini Wilhelm Friedemann alipatwa na shida, akaliuza lake, na mengi yakapotea. Mjane wake, Anna Magdalena, aliipa shule ya Thomas nakala za kantata nyingi. Naye akafa mwaka 1760 akiishi kwa sadaka. Leo zimebaki kantata kama 200. Zile zilizopotea hatuwezi kuzisikia tena, kwa kuwa hazikupigwa chapa wala hakuna aliyezitunza.

Mbona zilisahauliwa? Watu walibadili mapenzi yao, wakapenda muziki mwepesi zaidi. Na maneno ya mashairi yake wakayaona ya kizamani. Tena kantata ilitungwa kwa siku moja ya mwaka wa Kanisa. Ikitolewa katika siku yake na somo lake, ni kama jibu lisilo na swali. Tarehe 11 Machi 1829, Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, aliyaimbisha tena mjini Berlin Mateso ya Bwana Yesu kwa Injili ya Mathayo, na watu wakastaajabu. Mwaka 1850 kikaundwa chama cha kuzipiga chapa kazi zote za Bach, kikafanya kazi hiyo karibu miaka 50. Hata hivyo wengi walishika zile kubwa tu, na kantata zikabaki vitabuni.

Na tuangalie tatu. Ya kwanza aliitunga katika ujana wake kwa ajili ya maziko. Hamna fidla ndani yake, ila filimbi mbili, mazeze mawili ya sauti ya chini, na kinanda. Sauti za chini zatangaza sheria ya kale kwamba mwanadamu hana budi kufa. Juu yao sauti moja nyembamba yamwita Bwana Yesu aje. Mwisho vyombo vyote vyanyamaza, na sauti ile yabaki peke yake. Sisi tusimamao makaburini pamoja na wafiwa twajua ya kuwa jambo hili ni kweli.

Ya pili ni ya mwaka 1726, Jumapili ya kwanza baada ya Utatu, siku ya Injili ya tajiri na Lazaro. Yaanza na neno la Isaya 58 juu ya kumgawia mwenye njaa mkate. Vyombo vyapiga sauti fupi fupi zilizokatika, mfano wa mkate unaomegwa. Ya tatu, ya mwaka 1727, ni ya mzee Simeoni amchukuaye mtoto Yesu mikononi: mwimbaji mmoja wa sauti nzito, na zumari pamoja naye, na katikati kifo chaimbiwa kama mtoto abembelezwavyo alale.

Mwaka 2000, miaka 250 tangu kufa kwake, Mwingereza John Eliot Gardiner alizunguka makanisani na waimbaji wake, wakiziimba kantata za ibada kwa kufuata siku zao. Wengi waliosikia walitambua ya kuwa nyimbo hizi zina makao yao, nayo ni ibada.

Basi, wapendwa, mtu akipata nafasi ya kuzisikia, kwanza na afungue Biblia alisome somo la siku ile, kisha asikilize. Nanyi walimu wa kwaya, mfundishao jioni wimbo utakaoimbwa mara moja tu, msidhani kazi yenu ni bure. Bach naye alifanya kazi ya Jumapili moja, akaiacha mikononi mwa Mungu. Lakini karatasi za nyimbo zenu zitunzeni.