Edel Quinn, Binti wa Ireland Aliyekutanisha Parokia

Apitaye Barabara ya Nkrumah hapa kisiwani Mombasa, akitokea upande wa Ngome ya Yesu, hakosi kuliona kanisa kuu la Roho Mtakatifu lililojengwa mwaka wa 1923. Wengi wetu tusiokuwa wa dini hiyo hudhani kwamba Wakatoliki, kwa kuwa wote wamtii Papa mmoja, basi mambo yao tangu hapo yalikuwa mamoja. La hasha. Palikuwa na wakati ambapo parokia hii haikujua ya parokia ile, na padri huyu hakuingilia ya padri yule, ijapokuwa baina yao ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Aliyefanya kazi kubwa ya kuwakutanisha hakuwa askofu wala padri. Alikuwa mwanamke asiyeolewa, mwenye mapafu mabovu, na jina lake ni Edel Quinn.

Sisi wa pwani tuna kumbukumbu ndefu ya misalaba iliyokuja kwa merikebu. Wareno walianza kuijenga Ngome mwaka wa 1593, na mapadri wao wa shirika la Agostino wakafungua nyumba yao Mombasa mwaka wa 1597. Dini yao ilikaa chini ya kivuli cha mizinga, na habari ya Sultani Yusuf bin Hasan na yaliyotokea Agosti 1631 yajulikana na kila mtu wa Mvita. Wakatoliki wa leo hawakutokana na wale. Hawa waliletwa na mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Zanzibar na Bagamoyo katika karne ya 19, kisha wakaja Mombasa, kisha reli ikawafungulia njia ya bara.

Katika miaka ya 1930 Mombasa ilikuwa chini ya jimbo la kimisheni lililoitwa la Zanzibar, ingawa lilienea hadi Nairobi. Askofu wake alikuwa John Heffernan, Muairishi. Ukivuka mpaka wa jimbo hilo ulikuta shirika jingine kabisa: Nyeri Wakonsolata wa Italia, Kisumu mapadri wa Mill Hill, na huko Uganda Mapadri Weupe. Kila mmoja na desturi zake na mali yake. Na ndani ya mji mmoja, waumini waligawanyika kwa rangi, kama walivyogawanywa shuleni, hospitalini na katika mabehewa ya reli: Wazungu mbali, Wagoa mbali, Waafrika mbali. Serikali ya kikoloni ndivyo ilivyopenda, na Kanisa, tuseme kweli, halikujisumbua sana kupinga.

Edel Mary Quinn alizaliwa tarehe 14 Septemba 1907 karibu na mji mdogo wa Kanturk, wilaya ya Cork, kusini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mtu wa benki, na kazi hiyo iliwahamisha mji hadi mji. Alisoma Uingereza kwa masista, kisha hali ya fedha nyumbani ikawa mbaya, akaajiriwa ukarani Dublin ili awasaidie wazazi wake. Tajiri wake mmoja, Mfaransa, alimposa. Akakataa, kwa sababu nia yake ilikuwa kuingia utawani kwa masista wa Klara ambao hawatoki nje ya kuta zao. Mwenyewe akingoja siku hiyo, alijiunga na chama cha walei kiitwacho Lejio ya Maria, kilichoanzishwa Dublin na Frank Duff mwaka wa 1921. Alipewa kuongoza kikundi kilichowaendea wanawake waliouza miili yao. Kwa binti wa miaka ishirini na kitu, mpole wa sura, haikuwa kazi ndogo.

Hapa yafaa nitenge jambo moja, maana wengi huchanganya. Lejio hii siyo lile kanisa la Legio Maria lililoanza Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lile lilijitenga na Roma, hii ni ya Roma hasa.

Mwaka wa 1932, utawa ukiwa umekaribia, alitema damu. Ilikuwa kifua kikuu, na zama hizo dawa yake haijapatikana. Alilazwa karibu mwaka mmoja na nusu, akatoka hajapona. Utawa ukamkataa. Mtu mwingine angekaa barazani kungoja ajali yake. Yeye mwaka wa 1936, zilipofika Dublin habari kwamba Askofu Heffernan ataka mjumbe wa kuieneza Lejio Afrika Mashariki, alijitokeza. Wapo waliosema waziwazi kwamba kumpeleka mgonjwa wa mapafu katika nchi za homa ni kumuua. Duff alisimama upande wake, naye akaagiziwa safari.

Alishuka Mombasa mwishoni mwa Novemba 1936. Ukihesabu kwa tarehe yetu, ilikuwa mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 1355. Mji ulikuwa umefunga siku alipokanyaga bandarini, naye hakuwa na mlinzi wala barua ya Gavana, na umri wake ulikuwa miaka 29. Akapanda gari la moshi kwenda Nairobi, na huko ndiko alikoanzia.

Namna ya kazi yake yataka kuelezwa, maana siri imo humo. Lejio haigawi pesa wala nguo wala unga. Jambo hilo limekatazwa katika kanuni zake. Kila parokia huwa na kikundi, nacho hukutana kila juma mezani penye sanamu ya Bibi Maryamu, ambaye Kurani imempa sura ya 19. Padri hukaa kama mlezi, lakini mwenyekiti ni muumini wa kawaida. Kila mwanachama hupewa kazi, na huiendea wawili wawili: kumzuru mgonjwa, kufundisha watoto katekisimu, kumtafuta aliyepotea. Juma linalofuata husimama akaeleza alilofanya, na karani huandika. Basi. Hakuna fahari.

Lakini vikundi vikishakuwa kadhaa, kanuni yataka viunde baraza moja la kuviunganisha, ambalo wenyewe huliita kuria. Maofisa wa parokia hii na za jirani hukaa pamoja, husomeana taarifa, husaidiana watu. Padri mmoja akielemewa, wale wa parokia jirani huenda. Hapo Nairobi ndipo Edel Quinn alipogonga mwamba. Aliambiwa na watu wazito kwamba Mgoa na Mwafrika hawakai meza moja, na kwamba akijaribu ataharibu hata kile kidogo alichokwisha kipata. Hakubishana. Alifuata kanuni tu, kwa sababu kanuni haikusema habari ya rangi. Baraza likaundwa, Wagoa, Wazungu na Waafrika wakaketi pamoja, na hapakuanguka ukuta.

Watu wa Mvita hawapaswi kulistaajabia sana jambo hili. Wazee wetu wa Tisa Taifa na wale wa Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, kila upande ulikuwa na mambo yake na tamimu wake. Lakini jambo la mji likizuka, walijua pa kukutana wakaitwa Thenashara. Kukutana kwataka chombo kilichokwisha tengenezwa kabla ya ugomvi kuja. Edel alikuwa akiwatengenezea wenzake chombo hicho.

Tangu hapo hakutulia. Alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, akivuka kutoka eneo la shirika hadi la jingine, jambo ambalo padri mwenyewe asingeliweza bila ruhusa nyingi. Sala za Lejio zikatafsiriwa katika lugha za wenyeji. Alikuwa na gari kuukuu aina ya Ford, na dereva aliyemwendesha alikuwa Mwislamu, jina lake Ali. Napenda kumfikiria Ali huyo, katika tope la barabara za bara, akimngoja bibi wa Kikristo amalize mikutano yake, naye huku amekwisha tandika mswala wake kando ya gari. Hilo la mswala ni fikira yangu, lakini sidhani nimemzulia.

Mwaka wa 1940 alivuka bahari hadi Mauritius, kisha akaenda Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Huko mwili ulimshinda. Malaria ilikutana na kifua, akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa mwaka wa 1941, na vita vya dunia vikiwa vimechacha, akakaa huko muda mrefu kitandani. Ingelikuwa rahisi kurudishwa kwao. Yeye mwaka wa 1943 alirudi Nairobi, akaendelea kuandika barua na kuhudhuria mikutano aliyoiweza, pumzi ikipungua mwezi hadi mwezi.

Alifariki katika nyumba ya masista mjini Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akiwa na miaka 36. Kwa miaka isiyotimia minane alikuwa ameacha mamia ya vikundi na mabaraza ya kuviunganisha. Mombasa nayo ilipewa jimbo lake lenyewe mwaka wa 1955, na ikawa jimbo kuu mwaka wa 1990. Tarehe 15 Desemba 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Edel kuwa mtu wa kuheshimiwa, ambayo ni daraja mojawapo katika njia ya kuitwa mtakatifu.

Walimzika katika makaburi ya wamisionari huko St. Austin's, Nairobi, mahali alipokuwa amezikwa miezi michache nyuma Askofu Joseph Shanahan, Muairishi mwenziwe aliyeifanyia kazi Nigeria. Mwaka wa 1956 mifupa ya Shanahan ilifukuliwa ikapelekwa Onitsha kwa watu wake. Edel hakuhamishwa, yupo pale mpaka leo.