Thomas Nast: Mchoraji Aliyelinda Fedha za Umma

Ndugu wanachama na marafiki wa nyumbani, kabla hujafungua ukurasa wa michango, soma kwanza habari za mtu aliyelinda fedha za watu kwa kalamu ya kuchorea.

Thomas Nast alizaliwa mwaka 1840 katika mji wa Landau, Ujerumani. Akiwa na umri wa miaka sita alipelekwa New York, Marekani. Masomo yalimshinda, lakini kuchora alikuweza, na akiwa bado kijana mdogo akaanza kulipwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1862 alijiunga na gazeti la kila wiki la Harper's Weekly, na mara nyingi katuni zake za kejeli ndizo zilizopamba jalada.

Wakati huo jiji la New York lilikuwa mikononi mwa William Tweed na wenzake. Jengo la mahakama lililopangiwa dola 250,000 lilimeza mamilioni, maana ankara ziliongezwa na ziada ikagawanywa. Nast alimchora Tweed wiki baada ya wiki: tumbo kubwa, na mfuko wa fedha mahali pa kichwa. Katika picha moja ya mwaka 1871, wakubwa wamesimama duara, kila mmoja akimnyooshea kidole jirani yake. Hata asiyejua kusoma alielewa. Inasimuliwa kwamba aliahidiwa hadi dola 500,000 aondoke nchini, akakataa.

Novemba mwaka huohuo wapiga kura waliwaangusha wengi wa kundi hilo. Tweed alifungwa, akatoroka, na mwaka 1876 akakamatwa Hispania, ambako katuni ya Nast ilisaidia kumtambua.

Nast naye alikuwa na dosari. Wahamiaji kutoka Ireland na Wakatoliki aliwachora kwa dharau, na hilo hatumsifu. Mwaka 1884 kampuni aliyowekeza ilifilisika, akapoteza akiba yake. Akiwa na madeni, mwaka 1902 alikubali kazi ya ubalozi mdogo huko Guayaquil, Ecuador. Homa ya manjano ilimuua tarehe 7 Desemba mwaka huo.

Ndugu zangu, hatuhitaji wote kujua kuchora. Taarifa ya mweka hazina iko mwishoni mwa kijitabu hiki. Isome, uliza usipoelewa, kisha uchangie kwa moyo mweupe. Fedha hii ni yetu sote, na kuilinda ni kazi yetu sote.