DAKTARI ALIYETUFUNZA KUNAWA MIKONO

Kila mafua yanapoingia darasani na kuruka kutoka dawati moja hadi jingine, utasikia watu wakilaumu baridi ya Julai. Mimi nasema tuitazame mikono yetu kwanza. Na kabla hujanicheka, wacha nikusimulie habari za bwana mmoja aliyesema maneno kama hayo, akapingwa na wasomi wakubwa wakubwa hadi akaingia kaburini.

Jina lake ni Ignaz Semmelweis. Alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 huko Buda, nchini Hungaria, mahali ambapo leo ni sehemu ya jiji la Budapest. Baba yake alikuwa mwenye duka. Mwaka wa 1837 alienda Vienna, Austria, kusomea sheria, lakini hakukawia akahamia udaktari, akahitimu mwaka wa 1844. Mwaka wa 1846 akaanza kazi katika Hospitali Kuu ya Vienna, upande wa akina mama wanaojifungua.

Wodi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Sasa hapa ndipo penye ajabu. Katika wodi ya wasomi, akina mama kama 10 kati ya kila 100 walikuwa wakifariki, wengi wao kwa homa ya uzazi. Kwa wakunga hawakufika 4. Mji mzima ulijua. Wanawake walipiga magoti wakiomba wasipelekwe wodi ya kwanza, na wengine waliona heri wajifungulie njiani.

Semmelweis hakutulia. Alichunguza msongamano, hewa, hata namna akina mama walivyolazwa kitandani. Wapi! Halafu mwezi wa Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Akaugua, akafa. Semmelweis aliona kwamba ugonjwa uliomuua ulifanana na ule wa akina mama. Kumbe! Madaktari walikuwa wakitoka chumba cha maiti moja kwa moja hadi kwa mama mwenye uchungu. Wakunga hawakupasua maiti. Mauti yalikuwa yakibebwa na mikono ya wale waliokuja kuponya.

Mei 1847 aliamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kumgusa mama. Mwezi wa Aprili walikuwa wamefariki zaidi ya 18 kati ya kila 100. Mwezi wa Juni walikuwa kama 2 tu. Mwaka wa 1848 kulipita miezi miwili ambayo wodi hiyo haikupoteza mama hata mmoja.

Ungedhani wangembeba juu juu kwa shangwe. La hasha! Wengi waliudhika kuambiwa kwamba mikono ya daktari inaweza kuua. Yeye naye hakuweza kuwaonyesha kilichokuwa mikononi, maana elimu ya vijidudu ilikuwa bado, na kitabu chake alikichapisha mwaka wa 1861, kuchelewa sana. Kazi yake ya Vienna iliisha mwaka wa 1849, isiongezwe. Akarudi kwao, na huko pia akapunguza vifo. Mwishowe akawa anawaandikia wapinzani wake barua za hasira. Mwaka wa 1865 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Vienna, akapigwa na walinzi, na tarehe 13 Agosti akafa kwa kidonda kilichooza. Alikuwa na miaka 47. Baadaye kazi ya Louis Pasteur na Joseph Lister ilionyesha kwamba alikuwa amesema kweli. Leo chuo kikuu cha udaktari cha Budapest kina jina lake.

Homa ya uzazi si mafua, najua. Lakini barabara moja wanaipita zote mbili, nayo ni mkono. Mtu anapiga chafya kiganjani, anafungua mfereji, anashika kikombe cha darasa. Wewe unashika palepale, kisha unajifikicha jicho. Basi, umeshapata! Dawa yake haina gharama kubwa: sabuni, maji yanayotiririka, sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha. Ukikohoa, kohoa kwenye kiwiko, kwa sababu mafua hupita hewani pia. Kila mtu awe na kikombe chake. Mwenye homa apumzike nyumbani.

Mwaka wa 2020, corona ilipoingia, kila lango lilikuwa na mtungi au kibuyu chirizi. Ugonjwa ulipopungua, mingi ikakauka. Jameni, kwani mikono ilibadilika? Sisi wa shule ya kutwa hurudi nyumbani kila jioni. Tunamkuta nyanya, tunabeba mtoto mchanga. Kwako wewe homa ni siku tatu za kamasi. Kwao inaweza kuwa safari ya hospitali.

Semmelweis alipigania mikono safi bila kuonyeshwa kijidudu hata kimoja. Sisi tumechorewa ubaoni katika somo la Biolojia, tukatahiniwa, tukapata alama. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa hivyo ukinikuta kwenye mfereji kabla ya chakula cha mchana, usinisukume. Ngoja zamu yako, lakini usiondoke bila kunawa.